Yamaha DT125 ya zamani kukosa nguvu milimani: nianzie wapi kabla sijaruhusu silinda ichongwe?

Mganga_wa_Ng'ombe (Njombe)

Wakuu, habari za kazi.

Miezi minne iliyopita nilinunua pikipiki aina ya Yamaha DT125 katika mnada wa mali za mradi wa kilimo uliokwisha muda wake. Ni ile yenye injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa upepo, ambayo oili yake huwekwa kwenye tangi dogo la peke yake na kusukumwa na pampu, si ile ya kuchanganya oili na petroli kwenye tangi. Kazi yangu ni kuhudumia mifugo vijijini, kwa hiyo karibu kila siku nyuma ya kiti huwa kuna sanduku la dawa pamoja na chombo cha ubaridi chenye chanjo, na mzigo wote, mimi mwenyewe nikiwemo, unakaribia kilo 110.

Kwenye tambarare sina malalamiko. Tatizo ni vilima virefu: gia ya tatu inashindwa, gia ya pili inalia bila kwenda, na nyuma yangu kunabaki moshi wa bluu ambao watoto wa shule wamekwisha kuupa jina. Tangu niinunue nimebadilisha plagi tatu, zote zikiwa zimejaa masizi meusi yenye utelezi.

Fundi mmoja kijana wa hapa mjini ameniahidi kuifanya ipande kama pikipiki ya mashindano. Anapendekeza silinda ivuliwe, apanue dirisha la kutolea moshi (lile tundu kwenye ukuta wa silinda) kwa tupa ya mviringo, aondoe bomba la ndani la ekzosi ili moshi utoke bila kizuizi, kisha afunge kabureta kubwa iliyotoka kwenye pikipiki nyingine. Gharama yake ni shilingi 180,000, ambayo kwangu si haba lakini ninaimudu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba nilipomuuliza amekwisha kupima nini, alinionyesha tupa.

Naomba mwenye uzoefu anieleze ni kipi kati ya hayo kina manufaa ya kweli kwa injini ndogo kama hii, na kipi kitaniacha njiani. Niongeze tu kwamba mara mbili kwa mwezi huwa ninasafiri hadi Ludewa na kuteremka mpaka Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako hulala siku moja au mbili kisha nikarudi.

Fundi_Uyole (Mbeya)

Ndugu Mganga, umefanya vyema kuuliza kabla ya tupa kugusa chuma, kwa sababu karibu kila kitu kwenye injini hiyo kinaweza kurudishwa kilivyokuwa isipokuwa dirisha lililokwisha kuchongwa.

Tuanze na hewa unayoivuta wewe na pikipiki yako. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo uzito wa hewa ni takriban asilimia 82 ya ule wa hewa ya Tanga au Dar es Salaam. Injini yako huvuta ujazo uleule kila mzunguko, lakini ndani ya ujazo huo oksijeni imepungua kwa karibu moja ya tano, na nguvu hupungua kwa kiasi kinachokaribia hapo. Hasara hiyo ya kwanza ni ya mlima wenyewe, na pikipiki mpya iliyotoka kwenye boksi leo ingeipata vilevile.

Hasara ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi. Kabureta haijui kwamba hewa imekuwa nyepesi. Inaendelea kutoa petroli kana kwamba uko pwani. Kwa hesabu, mchanganyiko kwenye mwinuko wako unakuwa mzito kwa takriban asilimia 10 kuliko ulivyokusudiwa, na jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopimia petroli, inapaswa kupunguzwa kwa kiasi cha kukaribia hapo. Plagi zako tatu zilizojaa masizi yenye utelezi zimekuwa zikikuambia jambo hilo tangu siku ya kwanza. Nunua jeti kuu mbili au tatu zinazopungua hatua kwa hatua kutoka iliyomo, uziweke moja baada ya nyingine, na kila mara upande kilima kimoja huku umefungua mafuta yote, halafu kilimani hapohapo uzime injini na kubana klachi kwa wakati mmoja, usiiache iendelee kunguruma bila mzigo. Fungua plagi uitazame. Ikiwa nyeusi, bado mchanganyiko ni mzito. Ikiwa na rangi ya kitumbua kilichoiva vizuri, umefika. Ikiwa nyeupe yenye chembechembe, umepita kiasi na pistoni yako imo hatarini, rudisha jeti kubwa papo hapo.

Hasara ya tatu ni umri. Pikipiki ya mradi imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja wao ameitia oili aliyoipata. Mwaka jana nilivua ekzosi ya DT kama yako iliyoletwa kwangu kwa ugonjwa huohuo, nikajaribu kupitisha penseli kwenye bomba dogo la ndani la kizuia sauti: haikupita. Ukoko wa kaboni ulikuwa mgumu na unang'aa kama lami, na tundu lililobaki lilikuwa la kupitisha bua la mtama. Tulichoma bomba hilo kwenye moto wa mkaa mpaka likawa jekundu, tukaligonga, kikatoka kiganja kizima cha ukoko. Tulipovua silinda tukakuta dirisha la moshi nalo limeota ukoko pande zote, tukaukwangua kwa kipande cha mti mgumu huku pistoni ikiwa imeshushwa chini kabisa, ili tusikwaruze ukuta wa silinda. Mwenye pikipiki aliporudi aliniuliza nimemfungia injini ya ukubwa gani.

Kwa hiyo pendekezo la kijana la kuondoa lile bomba la ndani limetokana na kuona kweli kwamba moshi hautoki vizuri, ila dawa yake si kulikata bali kulisafisha. Katika injini ya mipigo miwili ekzosi si njia ya kutolea moshi tu. Mlipuko mmoja unapotoka silindani, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba. Likifika pale bomba linapotanuka, hurudisha wimbi la kuvuta ambalo husaidia kunyonya mchanganyiko mpya kutoka kwenye kreki kesi, chumba kilicho chini ya pistoni, na likifika pale linaposinyaa tena kwa nyuma, hurudisha wimbi la kusukuma ambalo huirudisha silindani ile petroli iliyokuwa inataka kutoroka kabla dirisha halijafungwa. Ukilikata ovyo, kelele itaongezeka, masikio yako yatakuambia nguvu imeongezeka, na kilima kitakukanusha.

Vitu vingine viwili uvitazame siku hiyohiyo silinda ikiwa nje. Kwanza ni ridi, zile ndimi nyembamba zinazoruhusu mchanganyiko kuingia na kuuzuia kurudi: zishike kuelekea penye mwanga, na kama mwanga unapita chini ya ulimi au kona imemeguka, zibadilishe. Pili ni sili za kreki, yaani mpira unaoziba kila upande wa shafti inayozungushwa na pistoni. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini hunyonya oili ya gia na kutoa moshi mzito usioisha; sili ya upande wa sumaku ikichoka, inavuta hewa ya ziada na kukausha mchanganyiko, na hapo ndipo pistoni hukamata bila kutoa onyo. Funga njia ya kabureta na ya ekzosi kwa vipande vya mpira, jaza hewa ya kiasi cha pauni 6 kwa inchi ya mraba kwa pampu ya mkono, usizidishe, kisha utazame geji kwa dakika 5 au 6. Ikishuka, mwagia maji ya sabuni utafute povu.

Hayo yote hayajaongeza nguvu yoyote mpya, yamerudisha yako iliyopotea. Lakini nitashangaa kama baada ya hapo bado utakuwa na hamu ya tupa.

Baba_wa_Mkimbiaji (Nairobi)

Ndugu Mganga, hujambo. Mimi si fundi wa kazi, ila mwanangu hushindana motokrosi kwa pikipiki ya 85 cc, na kwa miaka mitatu nimetumia Jumamosi nyingi kuliko nilivyokusudia nikiwa nimepiga magoti karibu na injini za mipigo miwili pale uwanja wa Jamhuri. Ningependa kukueleza maana ya maneno "kama pikipiki ya mashindano", kwa kuwa nadhani fundi wako hajakueleza.

Injini ya mtoto wangu ina kipenyo cha milimita 47.5 na mpigo wa milimita 47.8, yaani 84.7 cc, ambayo ni ndogo mno kuliko yako, na bado inaizidi DT kwa nguvu. Siri yake ni kwamba madirisha yake yako juu na mapana, ekzosi yake imekatwa kwa ajili ya mizunguko mingi sana kwa dakika, na chini ya mizunguko hiyo haina nguvu ya kumtoa mbuzi kwenye shamba la mahindi. Mwanangu anaposikia injini inashuka, anabana klachi kidogo, anafungua mafuta, na anairudisha juu. Hufanya hivyo mara kadhaa katika kila mzunguko wa uwanja. Pistoni na ringi zake tunazibadilisha kwa kuhesabu saa, si miaka. Jaribu kuwaza ukifanya hivyo ukiwa na chombo cha chanjo nyuma yako, kwenye udongo mwekundu ulionyeshewa, kwa kilomita 60.

Unachohitaji wewe ni msukumo katika mizunguko ya kati, na kwa hilo njia ya bei rahisi kuliko zote iko kwenye cheni. Ikiwa sproketi yako ya mbele ina meno 15, weka ya meno 14: nguvu inayofika kwenye tairi katika kila gia itaongezeka kwa asilimia 7, na mwendo wako wa juu utapungua kwa kiasi hichohicho. Kwa mtu anayepanda milima na mzigo, huo mwendo wa juu hana kazi nao.

Nimalizie kwa jambo la pembeni, maana Fundi wa Uyole amelieleza wimbi la ekzosi vizuri hata nikafurahi. Aliyeendeleza maarifa hayo mpaka yakashinda mashindano ni mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ, katika Ujerumani ya Mashariki, miaka ya 1950. Mwaka 1961 injini yake ya 125 cc, sawa kabisa na ukubwa wa DT yako, ilikuwa inatoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo mkimbiaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akahamia Suzuki, na mwaka 1962 Suzuki ikatwaa ubingwa wa dunia wa 50 cc huku Degner akiwa juu ya kiti. Kwa hiyo umbo la bomba ambalo fundi wako anataka kulikata kwa msumeno liliwahi kuvushwa mpaka kama siri ya serikali.

Mkinga_wa_Barabarani (Makete)

Wakuu, naheshimu yaliyosemwa, lakini naona mnamtisha mwenzetu kupita kiasi. Mimi nina DT kama hiyo, na silinda yangu imechongwa, na ninapanda nayo Kitulo.

Tulipandisha dirisha la moshi kwa milimita 1 tu, tukapanua silinda na kuweka pistoni ya oversaizi ya milimita nzima, na tukaondoa pampu ya oili ili nichanganye mwenyewe kwenye tangi. Injini ilipata uhai ambao haikuwa nao. Nakiri kwamba sasa lita moja iliyokuwa ikinifikisha kilomita 28 inanifikisha 21, na kwamba nikiondoka gia ya kwanza nikiwa na abiria lazima niichezee klachi, lakini ikishika mizunguko inavuta hadi raha. Isitoshe, nimetengeneza ekzosi mwenyewe kwa bati, na haijanishinda. Kwa hiyo ninachosema ni kwamba kama fundi anajua kazi, achonge.

Fundi_Uyole (Mbeya)

Ndugu Mkinga, sina ugomvi na milimita 1 iliyopimwa. Ugomvi wangu ni na tupa isiyokuwa na kipimo cha vernia karibu yake, kwa hiyo niruhusu niweke hesabu mezani ili Mganga aamue mwenyewe.

Injini ya DT125 ina kipenyo cha milimita 56 na mpigo wa milimita 50. Tuseme konrodi yake, ule mkono unaounganisha pistoni na kreki, ina urefu maradufu wa mpigo, kama ilivyo kawaida katika injini za aina hii. Kwa vipimo hivyo, kila milimita 1 unayolipandisha dirisha la moshi inaongeza muda wake wa kuwa wazi kwa takriban digrii 4.6 za mzunguko. Mtu akipeleka tupa kwa macho na kupandisha milimita 3, ameongeza digrii karibu 14, nayo hiyo ni tofauti nzima kati ya pikipiki ya shamba na pikipiki ya uwanjani. Wakati huohuo amefupisha ile sehemu ya mpigo ambayo pistoni hugandamiza, kwa hiyo kompresheni imeshuka na nguvu ya chini imeondoka nayo. Hiyo ndiyo klachi unayoichezea ukiwa na abiria, ndugu Mkinga, na hizo kilomita 7 unazozipoteza kwa kila lita ni petroli inayopita silindani na kutoka bila kuungua.

Upana nao una mpaka. Dirisha lisilo na nguzo katikati lisizidi takriban asilimia 65 ya kipenyo cha silinda, yaani milimita 36 kwa silinda yako, na makali yake ya juu na ya chini lazima yalainishwe kwa jiwe mpaka kidole kisiyasikie. Ringi hutokeza kidogo kila inapopita dirishani. Ikikuta dirisha pana mno au lenye ukingo mkali, inajinasa. Nimewahi kuletewa silinda iliyochongwa vizuri kwa macho lakini ikaachwa na makali yake. Ringi ilivunjika kabla ya kilomita 40, kipande kikapanda juu ya pistoni, na kichwa cha silinda kikawa kama kimedonolewa na kuku.

Kuhusu oversaizi, usiwaze kwamba umeongeza injini. Kutoka 56 hadi 57 ni kutoka 123 cc hadi 127.6, ongezeko lisilofika asilimia 4. Oversaizi ni dawa ya silinda iliyolika, na pistoni zake huuzwa kwa hatua za robo milimita. Ukiruka moja kwa moja hadi milimita nzima umekula maisha manne ya silinda kwa siku moja. Wewe angalau silinda yako ina sliva ya chuma, yaani bomba la ndani, inayochongeka. Ile ya mwanawe Baba wa Nairobi imepakwa utando mgumu ukutani na haichongwi kabisa.

Pampu ya oili iache mahali pake. Inatoa oili kulingana na mizunguko na jinsi ulivyofungua mafuta, jambo ambalo kipimo cha kifuniko cha chupa hakiwezi kulifanya. Angalia tu kwamba waya wake unavuta pamoja na ule wa kabureta, alama kwa alama, na hakuna hewa ndani ya mpira wa oili. Anayechanganya tangini akumbuke pia kwamba kuzidisha oili si usalama: oili ikiongezeka, petroli inayopita kwenye jeti inapungua, na mchanganyiko unakauka.

Sasa, ukitaka nguvu mpya baada ya kurudisha ya zamani, mahali pa kugusa kwanza ni kichwa cha silinda. Chukua waya laini wa risasi ya kulehemu wenye unene wa milimita 2, uupitishe kwenye tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda upande ulio sambamba na pini ya pistoni, kisha zungusha injini taratibu kwa mguu ili pistoni ipite kilele mara moja. Utoe, upime ncha iliyobanwa, ambayo unene wake ndio nafasi iliyopo kati ya pistoni na kichwa, urudie upande wa pili. Injini nyingi za umri huo hutoka na nafasi kubwa, milimita 1.5 au zaidi. Kuifikisha 1.1 au 1.2 kunaongeza kompresheni na kuusukuma mchanganyiko kutoka pembeni kwenda katikati kwa nguvu, hivyo unaungua haraka na kwa usawa. Katika kipenyo chako, kila sehemu ya kumi ya milimita unayoiondoa inapunguza ujazo wa chumba cha mlipuko kwa robo ya cc. Usishuke chini ya milimita 1, kwa sababu konrodi hurefuka kidogo kwa joto na kasi, na beringi zikiwa na uchezi pistoni itabisha hodi kwenye hedi, yaani hicho kichwa cha silinda.

Na hiyo ekzosi ya bati uliyoitengeneza, ndugu Mkinga, uliipimaje urefu?

Mkinga_wa_Barabarani (Makete)

Kwa kweli niliipima kwa jinsi ilivyotoshea chini ya kiti.

Fundi_Uyole (Mbeya)

Nashukuru kwa ukweli wako. Kwa anayetaka kujaribu kwa hesabu, chukua digrii ambazo dirisha la moshi liko wazi, uzidishe kwa 43,000, ugawanye kwa mizunguko kwa dakika unayotaka nguvu iwe kubwa, na utapata kwa milimita urefu wa takriban kutoka kwenye pistoni hadi katikati ya sehemu inayosinyaa kule nyuma. Kwa digrii 180 na mizunguko 7,500, jibu ni kama milimita 1,030. Ukitaka mizunguko 9,500, ni kama 815. Umeona tofauti hiyo ya zaidi ya sentimita 20? Ukikosea kwa kiasi hicho, wimbi linarudi wakati dirisha limekwisha kufungwa, na bomba lako linabaki kuwa pambo.

Mganga_wa_Ng'ombe (Njombe)

Nimesoma yote mara mbili na nimeandika kwenye daftari. Swali moja limebaki. Nikipunguza jeti kwa ajili ya Njombe na kuongeza kompresheni kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi, itakuwaje nitakapoteremka Lupingu?

Fundi_Uyole (Mbeya)

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilisubiri tangu ulipolitaja ziwa, na ndilo litakaloamua ni kiasi gani uguse.

Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, kwa hiyo kutoka kwako hadi ufukweni unateremka karibu mita 1,500. Hewa inarudi kuwa nzito, jeti uliyoipunguza inakuwa ndogo mno, na kompresheni uliyoiongeza inakutana na hewa nyingi zaidi na joto kali zaidi. Ukipanda kutoka ziwani mchana, umefungua mafuta yote kwa nusu saa ukiwa na jeti ya Njombe, utasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, na baada ya hapo injini itanyamaza. Kwa hiyo punguza hedi kwa kiasi, na weka jeti mbili kwenye kisanduku cha spana. Ile kubwa iingie ukiwa Ludewa, kabla ya kuteremka, wala usiseme utabadilisha ukifika. Kazi yenyewe ni ya dakika 15 kwa mtu aliyeizoea, na ufunge bomba la petroli kwanza.

Kuteremka kwenyewe kuna hila nyingine ambayo huua injini za mipigo miwili nyingi kuliko kupanda. Ukishuka mteremko mrefu huku gia imeshika na mafuta umeyafunga, injini inazunguka kwa kasi lakini petroli haipiti, na pampu ikiwa imefungwa kiasi hicho inatoa oili ya kudondosha tu. Silinda inazunguka karibu ikiwa kavu. Kila baada ya muda mfupi bana klachi, fungua mafuta kidogo mara mbili tatu, kisha uendelee. Wazee waliokuwa wakiendesha pikipiki hizi katika miradi walilifanya bila kujua kwa nini, walisema wanaipa injini maji ya kunywa.

Baba_wa_Mkimbiaji (Nairobi)

Naongeza neno moja: siku utakayobadilisha jeti, safisha chujio la hewa siku hiyohiyo, ulipake oili yake na ulifunge vizuri. Nimewahi kupoteza mchana mzima nikitafuta jeti sahihi kwenye pikipiki ambayo sifongo lake lilikuwa limejaa vumbi. Nilipoliosha, majibu yote ya mchana ule yakawa hayana maana.

Mganga_wa_Ng'ombe (Njombe)

Wakuu, ninarudi baada ya wiki sita kuwaeleza yaliyotokea.

Ekzosi ilikuwa kama alivyosema Fundi wa Uyole, ila mimi nilijaribu kwa bua la ngano na likakwama. Tuliichoma, tukakwangua dirisha, tukakuta ulimi mmoja wa ridi umemeguka kona, na sili ya upande wa klachi ilikuwa ngumu kama ganda la nazi. Sili zote mbili nimebadilisha. Jeti kuu imeshuka hatua mbili mpaka plagi ikaacha masizi. Hatua ya tatu iliipausha, nikarudi. Sproketi ya mbele sasa ina meno 14.

Waya wa risasi ulisoma milimita 1.7 upande mmoja na 1.65 upande mwingine. Tumeipunguza hedi kwa kuisugua juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo kinene, kwa mwendo wa namba nane, tukipima kila baada ya dakika chache, mpaka tukafika 1.3. Tulikubaliana kuishia hapo kwa sababu ya safari za ziwani. Aliyepima na kusugua ni yuleyule kijana wa tupa. Nilimpa maelezo yenu ayasome kwenye simu yangu, akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza waya huo wa risasi unauzwa wapi. Nimemlipa shilingi 60,000 kwa kazi yote, bila spea.

Kile kilima kilichokuwa kikinishusha gia ya pili sasa ninakipanda kwa gia ya tatu nikiwa na mzigo wote, na moshi unaonekana asubuhi tu injini ikiwa baridi. Alhamisi iliyopita nilikwenda Lupingu. Nilibadilisha jeti Ludewa nikiwa nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara, nikaidondosha mara moja kwenye majani na kuitafuta kwa dakika kumi, kwa hiyo safari ijayo nitakuja na kitambaa cheupe cha kutandika chini.

Silinda haijaguswa. Kijana anaomba nimruhusu alilainishe lile dirisha kwa jiwe tu, bila kulipandisha. Fundi, nimkubalie?

Fundi_Uyole (Mbeya)

Mkubalie, ila apime urefu wa dirisha kutoka juu ya silinda kabla hajaanza na baada ya kumaliza, na akuonyeshe namba zote mbili zikiwa zimeandikwa.